Nipime dagaa au nihoji wavuvi? Kuhusu tasnifu inayovuka fani mbili

SWALI: Mimi ni afisa uvuvi hapa Kigoma na nasoma shahada ya uzamili. Masomo ya darasani nimemaliza, imebaki tasnifu, na nina miezi 14. Shahada yangu ya kwanza ni ya sayansi ya viumbe wa majini. Nataka kujua kwa nini kipato cha wavuvi wa dagaa wa Kibirizi na Katonga kinashuka: samaki wamepungua, au biashara imebadilika? Nimepanga kupima mavuno mwaloni (pale vyombo vinaposhusha samaki) na kujaza madodoso 200 majumbani. Msimamizi wangu wa kwanza, wa biolojia, anasema maneno ya wavuvi si data, niyaweke kwenye utangulizi tu. Wa pili, wa sosholojia, anasema kilo zangu hazina nadharia na kwamba nimebeba tasnifu mbili ndani ya jalada moja. Wenzangu wanaongeza kuwa nikichanganya fani nitakosa jarida la kuchapisha na hata kazi ya kufundisha. Niachane na upande mmoja? Nikiendelea, nianzie wapi?

JIBU: Hofu yako ina sehemu mbili, na ni vizuri tuzitenganishe. Moja ni ya kitaaluma: je, kilo za dagaa na maneno ya wavuvi vinaweza kukaa kwenye tasnifu moja bila kugombana? Nyingine ni ya tumbo: utakula wapi ukishakuwa mtu wa fani mbili? Nianze na ya kwanza, kwa sababu majibu ya ile ya pili yanaitegemea.

Usiache upande wowote, ila mpango ulionao sasa usiende nao ziwani. Msimamizi wako wa sosholojia ameuona ubovu wake, ingawa ameueleza kwa mkato. Kupima mwaloni kutakupa kilo za chombo fulani kwa usiku fulani. Dodoso la nyumbani litakupa kipato cha kaya kwa mwezi au kwa mwaka. Utakapokaa kuchambua, utakuwa na jedwali moja ambalo kila mstari ni chombo na usiku, na jingine ambalo kila mstari ni kaya. Hakuna safu inayoyaunganisha. Hapo ndipo tasnifu nyingi za fani mbili hufia: sura ya nne inakuwa ya samaki, ya tano ya jamii, na ya sita ina kurasa tatu za "kwa hiyo" zisizotokana na nne wala tano. Mtahini akiuliza "umejuaje kwamba hiki kimesababisha kile?" huna mahali pa kumwonyesha.

Dawa ni kuamua mstari mmoja wa jedwali kabla hujanunua hata mizani. Kwa uvuvi wa dagaa ningechagua chombo kimoja kwa usiku mmoja. Mstari huo unabeba vitu vya fani zote mbili: kilo zilizoshuka, mchanganyiko wa samaki, idadi na aina ya taa, saa walizokaa majini, lita za mafuta, idadi ya wavuvi, bei ya kwanza mwaloni, nani alinunua, na kila mvuvi aliondoka na shilingi ngapi. Ukishaufanya huo kuwa msingi, huulizi tena kama mahojiano ni sayansi. Unauliza tu safu ipi inajazwa kwa mizani na ipi kwa mdomo.

Kabla ya kuendelea, rekebisha swali lenyewe. Unauliza kwa nini kipato "kinashuka". Kushuka ni habari ya miaka, nawe utakuwa mwaloni kwa takriban miezi sita. Miezi sita haiwezi kuonyesha mwelekeo, hata ukipima kila usiku. Inachoweza kuonyesha vizuri ni kwa nini usiku mmoja unalipa kuliko mwingine na chombo kimoja kuliko kingine. Hilo ndilo liwe swali la tasnifu. Habari ya miaka iliyopita iwe sura fupi ya kulinganisha, ukitumia takwimu za halmashauri na ripoti za mradi wa utafiti wa uvuvi wa Ziwa Tanganyika ulioendeshwa na FAO, shirika la Umoja wa Mataifa la chakula na kilimo, kwa ufadhili wa Finland kuanzia 1992. Zisome kwa tahadhari, maana vyombo vya wakati ule na vya leo havifanani, na hilo nitalirudia hapa chini.

Sasa tazama kwa nini upande mmoja peke yake ungekudanganya. Chukua namba za kubuni. Mwanzoni chombo kinaleta kilo 200, bei ni shilingi 2,000 kwa kilo, jumla 400,000. Gharama za usiku ni 100,000, zinabaki 300,000. Mwenye chombo anachukua nusu, na wavuvi sita wanagawana 150,000, kila mmoja 25,000. Baadaye mavuno yanashuka hadi kilo 160, yaani pungufu kwa asilimia 20. Kwa kuwa dagaa wamepungua sokoni, bei inapanda hadi 2,500. Jumla ni 400,000 ile ile. Ila gharama zimefika 160,000, zinabaki 240,000, nusu ni 120,000, na mvuvi anaondoka na 20,000. Kipato chake kimeshuka kwa asilimia 20. Mwanabiolojia aliyepima kilo na kuuliza kipato tu ataona 20 na 20, afunge daftari na kuandika kwamba samaki ndio chanzo. Kumbe upungufu wa samaki ulifidiwa wote na bei, na kilichomla mvuvi ni gharama. Hesabu hii ndogo (kilo mara bei, toa gharama, kisha mgao) ndiyo kiungo cha fani zako mbili. Kipato kinaweza kuvujia sehemu nne, na hakuna fani moja inayoziona zote nne.

Kwa msimamizi wako wa biolojia, hoja utakayompelekea ni ya kibiolojia. Anataka kilo kwa kila kipimo cha juhudi, sawa. Lakini juhudi ni nini? Ukiandika "usiku mmoja", umechukulia kwamba usiku wa mwaka huu ni sawa na usiku wa miaka ya karabai. Siyo sawa. Dagaa hufuata mwanga, na vyombo vingi vimehama kutoka karabai za mafuta ya taa kwenda taa za betri na sola. Chombo kikiongeza taa au kikienda mbali zaidi, kilo kwa usiku zinaweza kubaki pale pale huku samaki ziwani wakipungua. Mabadiliko hayo hayasomeki kwenye mizani. Yamo kichwani mwa mwenye chombo, na njia ya kuyapata ni kumuuliza. Kwa hiyo bila mahojiano, kipimo chenyewe cha biolojia hakijakamilika.

Mwonyeshe pia kwamba mjadala mkubwa wa kisayansi kuhusu ziwa hili umekwama hapo hapo. Mwaka 2003 makala mbili, moja katika Nature na nyingine katika Science, zilieleza kwamba ongezeko la joto limepunguza kuchanganyika kwa maji. Ziwa lina kina cha mita 1,470, na oksijeni iko kwenye tabaka la juu tu. Virutubisho vimelala chini, na hupanda zaidi pale upepo wa kusi wa kiangazi, takriban Mei hadi Septemba, unaposukuma maji ya juu kuelekea kaskazini. Maji ya juu yakizidi joto, yanakuwa mepesi zaidi kuliko ya chini, upepo unashindwa kuyachanganya, mwani unapungua, na samaki nao. Mwaka 2006 watafiti wengine walijibu kwamba mabadiliko ya mavuno yaliakisi zaidi mabadiliko ya uvuvi wenyewe kuliko tabianchi. Mwaka 2016 uchunguzi wa tope la sakafu ya ziwa ukaonyesha mabaki ya samaki yalianza kupungua kabla ya uvuvi mkubwa wa kibiashara. Wasomi hawa wote ni wa sayansi asilia, lakini sehemu ya ugomvi wao ni swali la kijamii: wavuvi walibadilisha nini, lini, na kwa nini?

Msimamizi wa sosholojia naye ana haki nusu. Kilo zako zina nadharia, ila hujaiandika: kwamba mavuno kwa juhudi yanafuata wingi wa samaki ziwani. Iandike waziwazi kama dhana, kisha useme ni wapi inaweza kuvunjika. Upande wake mwombe nadharia inayohusu mgao: kwa nini wavuvi hulipwa sehemu ya mavuno badala ya mshahara, na nani anabeba hasara ya usiku mtupu. Uliza pia kuhusu mchuuzi anayemkopesha mwenye chombo fedha za mafuta, kisha akapata haki ya kununua kwanza, mara nyingi kwa bei yake. Mkopo wa namna hiyo ukiwepo, bei mwaloni si bei ya soko, na safu yako ya bei itakuwa na maana mbili bila wewe kujua. Ongeza safu moja: "mnunuzi ana mkopo kwenye chombo hiki, ndiyo au hapana".

Tuje kwenye kazi yenyewe. Wengi huharibu data kwenye beseni. Dagaa mwaloni huuzwa kwa beseni au ndoo, si kwa kilo, na beseni la Kibirizi si lazima liwe la Katonga. Kuna linalosawazishwa juu na kuna linalojazwa kichuguu, na samaki waliotoka majini sasa hivi wana maji mengi kuliko waliokaa saa moja. Kwa kila mwalo na kila aina ya beseni, pima mabeseni yasiyopungua 30 kwa mizani ya kuning'inia. Toa uzito wa beseni tupu, pata wastani, na uangalie yanatofautiana kiasi gani. Baada ya hapo unaweza kuhesabu mabeseni tu, na kurudia kupima kumi kila mwezi ili uone kama kipimo kimehama. Usichanganye kamwe dagaa wabichi na wakavu kwenye safu moja. Wakikauka hupoteza sehemu kubwa ya uzito, na kiasi hutegemea walianikwa mchangani au kwenye vichanja.

Kutoka kila chombo chukua kama nusu kilo, ichambue asubuhi ile ile kabla haijalainika: Stolothrissa tanganicae upande mmoja, Limnothrissa miodon upande wa pili, na migebuka wadogo upande wa tatu. Mwaloni wote wanaweza kuingia kwenye beseni moja kwa jina la dagaa, lakini bei na biolojia yao hazifanani. Stolothrissa huishi takriban mwaka mmoja tu na hukaa zaidi maji ya mbali, ndiyo maana wingi wake hupanda na kushuka haraka. Limnothrissa hukua kuliko huyo, na wadogo wake hukaa karibu na ufuko. Uwiano ukibadilika, kilo zile zile zinasimulia habari nyingine.

Kalenda yako iwe ya mwezi wa angani. Mbalamwezi inapowaka, taa hazina nguvu na vyombo vingi hupumzika. Ukimuuliza mvuvi kipato cha "mwezi wa Oktoba" unamlazimisha akate vipindi viwili vya giza katikati. Muulize kwa kipindi cha giza kilichopita, hapo kumbukumbu yake ina mipaka. Mzunguko ni siku 29 na nusu, hivyo panga angalau mizunguko minne, miwili ikiwa na kusi na miwili ya mvua. Angalia na ratiba ya kufunga ziwa: mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, na kipindi kama hicho kinameza sehemu kubwa ya kiangazi. Wewe uko ofisini, unaweza kujua mapema. Kama mwaka wako una ufungaji, anza katikati ya Agosti, utapata mkia wa kusi kisha mvua, na useme wazi kwenye tasnifu kwamba kilele cha kusi hukukiona.

Vyombo kumi, usiku sita kila kipindi, vipindi vinne, ni mistari 240. Inatosha kwa uzamili. Ila usije ukadai una sampuli 240 zinazojitegemea. Usiku ishirini na nne wa chombo kimoja unafanana kwa sababu nahodha ni yule yule na wavu ni ule ule. Uchambuzi lazima utambue kundi la chombo, vinginevyo utapata matokeo yanayong'aa ambayo si ya kweli. Kosa hili linajulikana sana kwa wahakiki, na ni miongoni mwa sababu za haraka za kurudishiwa makala.

Madodoso 200 yaache. Badala yake fanya mahojiano ya kina na watu wa vyombo vile vile kumi: mwenye chombo, nahodha, na mvuvi mmoja wa kawaida, kila mmoja peke yake, maana mgao husimuliwa tofauti kulingana na nani anasimulia. Ongeza wachuuzi na kina mama wanaoanika, kama kumi na wawili. Kwa habari za zamani usiulize "zamani mlipata kiasi gani?" Mtu hukumbuka usiku bora na usiku wa balaa, wastani haukumbuki. Funga swali kwenye tukio: mwaka aliponunua chombo, mwaka alipoacha karabai.

Kuna jambo ambalo hukuliuliza na ndilo linalonitia wasiwasi kuliko yote. Wewe ni afisa uvuvi. Mvuvi anayekufahamu kama mtu wa leseni na ukaguzi wa nyavu hatakwambia kweli kuhusu kilo wala kokoro, yaani wavu wa kukokota. Data zako zote za mdomo zinaweza kuegemea upande mmoja kwa sababu ya sare yako, na hakuna hesabu ya kuzinyoosha baadaye. Usifanye kazi hii kwenye mwalo unaousimamia. Tafuta msaidizi asiye mtumishi wa idara, anayekubalika mwaloni, afanye mahojiano yeye. Namba ya usajili wa chombo isikae faili moja na majina. Tumia alama zako mwenyewe, na ufunguo wa alama akae nao msimamizi. Nyavu haramu usiziulize kabisa. Ukizijua kama mtafiti utajikuta kati ya kiapo cha kazi na ahadi ya usiri, na anayeumia ni mvuvi. Yaeleze haya yote kwenye ombi la kamati ya maadili. Halafu ufuate ngazi kama mwanafunzi mwingine yeyote: barua ya chuo, Katibu Tawala wa Mkoa, Mkurugenzi wa Halmashauri, mtendaji wa kata, viongozi wa BMU (kikundi cha wavuvi cha kusimamia rasilimali za mwalo). Kuruka ngazi kwa kuwa unafahamika ofisini ndiko kutakakowafanya wavuvi waamini umetumwa.

Mizani na maneno yatapingana, jiandae. Wavuvi watasema dagaa wameisha huku kilo zako zimetulia. Usipige kura kuamua nani mkweli. Angalia kwanza kama wanazungumzia kipimo kile kile: huenda kilo kwa usiku ni zile zile lakini saa na mafuta vimeongezeka, na "wameisha" maana yake ni kwamba karibu na ufuko hawapo. Mara nyingi mgongano wa namna hii ndio unaozaa ukurasa bora wa tasnifu nzima. Ukishindwa kuutatua, uandike ulivyo.

Kuhusu wasimamizi, usikubali kuwa mjumbe wa kupeleka maneno huku na huku. Waombe kikao kimoja cha pamoja, na utoke na ukurasa mmoja uliosainiwa: swali kuu, mstari wa jedwali, idara mwenyeji, nani anasoma sura ipi, mpangilio wa majina kwenye makala, na wasifu wa watahini. Hilo la mwisho ndilo wanafunzi husahau. Mtahini wa nje wa fani moja tu atapima nusu ya kazi yako kwa vigezo vyake na nusu nyingine ataiona mapambo. Omba mapema mtu aliyewahi kuchapisha kuhusu uvuvi na wavuvi kwa pamoja.

Sasa tumbo. Wenzako hawakudanganyi kabisa. Uchambuzi wa maombi zaidi ya 18,000 yaliyopelekwa Baraza la Utafiti la Australia, uliochapishwa 2016, ulionyesha kwamba kadiri ombi linavyochanganya fani zinazotofautiana sana, ndivyo uwezekano wa kupata fedha unavyopungua. Utafiti mwingine wa 2017 kuhusu wanasayansi wa Marekani ulikuta wanaovuka fani huchapisha makala chache zaidi, ingawa makala hizo hurejelewa zaidi na wengine. Bei ipo, nawe utailipa. Unaweza kuipunguza kwa kubaki na nyumba moja: shahada yako isomeke ya sayansi ya uvuvi, na ile hesabu ya mgao iwe ujuzi wa ziada. Idara ikitangaza nafasi hutafuta mtu wa kufundisha kozi zake, na ni rahisi kumwajiri mwanasayansi wa uvuvi anayejua uchumi wa mwaloni kuliko mtu ambaye hakuna idara inayojua imweke wapi. Majarida yapo: Journal of Great Lakes Research huchapisha kazi za maziwa haya yetu pia, na Ecology and Society huchapisha kazi za mchanganyiko huu. Soma makala tano za kila moja kabla hujaandika yako.

Kuna hali moja ambayo ningekushauri upunguze upande wa sosholojia: ikiwa miezi miwili imepita na wasimamizi bado hawajakaa meza moja. Miezi 14 haina nafasi ya ugomvi wao. Miwili ni ya vibali na majaribio, sita ya data, minne ya kuchambua na kuandika, miwili ya masahihisho. Miezi miwili ikipita bila kikao, peleka suala kwa maandishi kwenye kurugenzi ya masomo ya uzamili, bila lawama, ukiomba tu uamuzi. Na ukipunguza, punguza kwa heshima: bakiza safu za bei, gharama na mgao, acha mahojiano ya kina. Mahojiano hayo unaweza kuyafanya baadaye.

Barua na simu hazitoshi kwa mambo mawili. Mtu wa takwimu muone ana kwa ana kabla ya data, si baada. Watafiti wa TAFIRI (Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania) hapo Kigoma waombe wakufundishe kutenganisha aina za dagaa kwa macho na mikono, kwa sababu wadogo wa Limnothrissa na Stolothrissa huchanganywa kirahisi na picha za kitabuni hazisaidii sana. Kwa wote wawili usiende na dodoso. Nenda na jedwali la majaribio lenye mistari ishirini uliyoijaza mwenyewe mwaloni, hata kama nusu ya safu ziko tupu. Zile tupu ndizo watakazokuuliza kwanza.